Data Inapotoka Diskini: Mwongozo wa Kumbukumbu ya Hifadhidata kwa Wasimamizi wa Kitui na Makueni

Hifadhidata haisomi rekodi moja moja kutoka diskini. Husoma ukurasa, yaani kipande cha faili chenye ukubwa usiobadilika, hata kama kinachotafutwa ndani yake ni namba moja tu ya mgonjwa. Katika MySQL yenye injini ya InnoDB, ukurasa ni kilobaiti 16. Katika PostgreSQL na SQL Server ni kilobaiti 8. Oracle nayo huanza na kilobaiti 8, ingawa msimamizi anaweza kuchagua ukubwa mwingine anapounda hifadhidata. Ukurasa ukishasomwa lazima uwekwe mahali fulani katika kumbukumbu ya seva, na mahali hapo ni pa aina mbili. Ipo kumbukumbu ya pamoja, inayofikiwa na kila aliyeunganishwa, na ipo kumbukumbu binafsi, ambayo ni ya muunganisho mmoja na hutoweka muunganisho huo ukifungwa. Ukurasa ukiwekwa mahali pasipofaa, karani wa dirishani hukaa akiitazama skrini tupu huku ripoti ya mtu mwingine ikiendelea.

Jambo hili linagusa ofisi nyingi za Kitui na Makueni. KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu ya OpenMRS na huweka data yake katika MySQL, mara nyingi kwenye seva iliyomo ndani ya kituo chenyewe. Ripoti za kila mwezi, kama MOH 705 ya wagonjwa wa nje na MOH 731 ya huduma za VVU, huingizwa katika KHIS, mfumo wa taifa uliojengwa kwa DHIS2 ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011. DHIS2 hutumia PostgreSQL. Malipo ya kaunti zote mbili hupitia IFMIS, mfumo wa Hazina ya Taifa unaoendeshwa kwa programu za Oracle. Hizo ni hifadhidata tatu, na kila moja ina njia yake ya kuamua ukurasa uliosomwa ukae wapi. Seva ya KenyaEMR ndiyo iliyo mikononi mwa msimamizi wa kaunti, kwa hiyo ndiyo inayopewa nafasi kubwa hapa. Nyingine mbili zinaeleweka vizuri zaidi zikilinganishwa nayo.

Bei ya kwenda diskini

Diski ya kawaida ya seva ndogo huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 8, hivyo kichwa cha kusomea husubiri wastani wa milisekunde 4 hadi data ipite chini yake, baada ya kutumia milisekunde nyingine kadhaa kusogea hadi kwenye duara linalotakiwa. Jumla hukaribia milisekunde 10 au huzidi kidogo. Diski ya namna hiyo basi humudu takriban kurasa 100 kwa sekunde ikiwa kurasa hizo zimetawanyika. Diski ya SSD hutoa ukurasa mmoja kwa takriban mikrosekunde 100, na kumbukumbu ya RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Kila hatua kati ya hizi ni tofauti ya mara mia au mara elfu, na ndiyo sababu hifadhidata hujitahidi sana isirudi diskini kwa ukurasa iliokwisha kuusoma.

Kutawanyika kwa kurasa kuna uzito kuliko wingi wake. Ichukuliwe seva ambayo jedwali lake kubwa lina gigabaiti 4, sawa na kurasa 262,144 za kilobaiti 16. Likisomwa kwa mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, kazi huisha kwa sekunde 40 hivi. Kurasa hizohizo zikisomwa moja moja kwa mpangilio wa ovyo, kila moja milisekunde 10, kazi ileile huchukua karibu dakika 44. Kwa sababu hiyo hifadhidata ikiona kurasa zinaombwa kwa kufuatana huanza kuzileta kabla hazijaombwa. InnoDB hupanga kurasa katika mafungu ya 64, yaani megabaiti 1, na kurasa 56 za fungu zikisomwa kwa mfuatano, fungu linalofuata huagizwa lote mapema.

Katika OpenMRS jedwali hilo kubwa kwa kawaida ni lile liitwalo obs. Kila kipimo ni mstari wake: uzani ni mstari, shinikizo la damu ni mstari, kiwango cha virusi ni mstari. Mistari hupangwa kwa namba inayoongezeka kadiri data inavyoingizwa, kwa hiyo vipimo vya ziara moja hukaa karibu karibu, lakini ziara ya Januari na ziara ya Julai za mgonjwa yuleyule hutenganishwa na ziara za wagonjwa wengine wote waliofika kati ya miezi hiyo. Mgonjwa aliyehudhuria kliniki mara 40 ana kurasa zisizopungua 40 zilizotawanyika. Kwenye diski ya kuzunguka, kufungua faili lake mara ya kwanza asubuhi hugharimu karibu nusu sekunde kwa jedwali hilo pekee, mbali na kurasa za faharasa zinazoonyesha mistari yake iko wapi. Kwa mgonjwa mmoja si kitu. Kwa foleni ya watu mia moja siku ya kliniki, na madaktari watano wanaofungua mafaili kwa wakati mmoja, diski huanza kuwa mlango mwembamba.

Akiba ya pamoja

Dawa ya hali hiyo ni akiba ya kurasa iliyo katika kumbukumbu ya pamoja. MySQL huipanga kwa kigezo innodb_buffer_pool_size, PostgreSQL kwa shared_buffers, nayo Oracle huiweka ndani ya eneo kubwa liitwalo SGA. MySQL na PostgreSQL zote mbili, zisipoguswa baada ya kusakinishwa, huitengea megabaiti 128 tu. Kiasi hicho ni cha kuhakikisha programu inaanza kwenye kompyuta yoyote, hakikukusudiwa hospitali. Seva yenye gigabaiti 8 za RAM inayoendesha MySQL kwa megabaiti 128 inaacha rasilimali iliyokwisha kulipiwa bila kazi, na hilo ndilo la kwanza kukaguliwa kabla ya mtu yeyote kuomba bajeti ya seva mpya.

Ukurasa unapohitajika, hifadhidata hukokotoa anwani yake na kuitafuta kwanza katika orodha ya kurasa zilizomo kwenye akiba. Ukiwamo, mchakato unaouhitaji huweka alama kwamba unatumika, huusoma, kisha huuachilia. Usipokuwamo, lazima ipatikane nafasi. Hifadhidata huchagua ukurasa wa kutolewa, na ikiwa ukurasa huo umebadilishwa tangu uletwe, mabadiliko yake huandikwa diskini kwanza. Baada ya hapo ukurasa mpya husomwa na kukaa kwenye nafasi iliyoachwa. Mwingine akiuhitaji sekunde moja baadaye, huukuta tayari.

Kanuni za kuchagua wa kutolewa hutofautiana. PostgreSQL huupa kila ukurasa hesabu ya matumizi isiyozidi 5. Mkono unaozunguka kama wa saa hupita ukipunguza hesabu moja moja, na ukurasa uliofika sifuri ndio unaotolewa. InnoDB hutumia orodha yenye sehemu mbili, na sababu yake itaonekana hivi karibuni.

Kati ya hifadhidata na diski kuna mfumo endeshi, ambao nao una akiba yake ya mafaili. PostgreSQL husoma kupitia akiba hiyo, kwa hiyo ukurasa uleule unaweza kukaa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo ushauri wa kawaida ni kuipa shared_buffers takriban robo ya RAM na kuuachia mfumo endeshi sehemu kubwa ya iliyobaki. InnoDB kwenye Linux inaweza kuiruka akiba ya mfumo endeshi kwa kuweka innodb_flush_method kuwa O_DIRECT, mpangilio unaofaa seva nyingi za MySQL, kwani RAM haitumiki mara mbili kwa data moja.

Msomaji mkubwa

Tatizo gumu huja pale mtu mmoja anapotaka kusoma jedwali zima. Mwisho wa mwezi afisa wa takwimu huendesha ripoti inayopita kwenye mistari yote ya obs. Kila usiku nakala ya usalama inayotengenezwa kwa mysqldump hufanya hivyohivyo, na watu wengi husahau kwamba nakala hiyo ndiyo msomaji mkubwa kuliko wote. Akiba ya pamoja ikipokea kurasa hizo kama inavyopokea nyingine, kurasa za wagonjwa wa leo husukumwa nje ili kupisha kurasa za mwaka 2014 ambazo hakuna atakayezigusa tena hadi ripoti ijayo.

Mwenye boma la Kitui analitatua suala kama hili bila kufikiri. Maji ya kunywa na kupikia yakitoka kwenye bwawa la mchanga humiminwa katika pipa la nyumbani, kwa kuwa kila mtu wa boma atayahitaji. Maji ya kufyatulia matofali hayapitishwi hapo. Punda huyapeleka moja kwa moja kwenye eneo la ujenzi, maana yatatumika mara moja na mtu mmoja, na yangejaza pipa bure. Hifadhidata tatu zilizotajwa zinafuata busara hiyo kwa viwango tofauti.

MySQL haina njia ya punda. Kila ukurasa wa InnoDB hupita katika akiba ya pamoja, ila akiba yenyewe imegawanywa. Ukurasa mpya hauwekwi kichwani mwa orodha. Huingizwa mwanzoni mwa sehemu ya wageni, ambayo kwa mpangilio wa kawaida ni asilimia 37 ya mwisho, karibu na mkia. Ili upandishwe hadi sehemu ya wenyeji lazima uguswe tena baada ya milisekunde 1,000 au zaidi tangu ulipoguswa mara ya kwanza. Ripoti inayopita hugusa mistari yote ya ukurasa ndani ya milisekunde chache kisha haiurudii tena, kwa hiyo ukurasa wake hubaki mgeni na kutolewa kupitia mkia. Ukurasa wa mgonjwa aliye kliniki huguswa na karani wa mapokezi, kisha na daktari, kisha na mtu wa dawa, na hivyo hupanda. Kigezo kinachoweka milisekunde hizo ni innodb_old_blocks_time. Asiwepo wa kukiweka sifuri kwa sababu ya ushauri aliousoma mahali. Akifanya hivyo, ripoti moja inaweza kuifagia akiba yote.

PostgreSQL inakwenda hatua moja mbele. Jedwali linalosomwa lote likizidi robo ya shared_buffers, msomaji hupewa pete ndogo tu (kilobaiti 256, yaani kurasa 32, katika matoleo ya kabla ya 18) ndani ya kumbukumbu ya pamoja, naye hulazimika kuzitumia hizohizo kwa kuzungusha. Jedwali la gigabaiti 10 linaweza kupita katika pete hiyo bila kumsumbua jirani. Kinga hiyo ina mpaka mmoja unaostahili kukumbukwa: inailinda akiba ya PostgreSQL, si ile ya mfumo endeshi, ambayo bado hupokea gigabaiti zote 10 na inaweza kutupa mafaili yaliyokuwa yakitumika. Kwa DHIS2 hali hii hutokea wakati wa kazi ya kutengeneza upya majedwali ya uchanganuzi, na ndiyo sababu kazi hiyo hupangiwa saa za usiku. Toleo la PostgreSQL 18, lililotoka Septemba 2025, limeongeza uwezo wa kuagiza kurasa nyingi diskini bila kuzisubiri moja baada ya nyingine, jambo linaloharakisha usomaji wa namna hii hasa.

Oracle ndiyo yenye njia ya punda kamili. Tangu toleo la 11g la mwaka 2007, mchakato mmoja unaotaka kusoma jedwali kubwa unaweza kuiruka SGA na kuziweka kurasa katika PGA yake, kumbukumbu ambayo hakuna mwingine anayeiona. Oracle huamua yenyewe kwa kulinganisha ukubwa wa jedwali na ukubwa wa akiba, na pia kwa kuangalia ni kiasi gani cha jedwali hilo kimo tayari katika akiba na ni kurasa ngapi zimebadilishwa. Faida ni dhahiri: hakuna kuwania nafasi, hakuna kufuli za orodha ya pamoja, na usomaji huja kwa vipande vikubwa.

Gharama zake mbili hazionekani kwa haraka. Ya kwanza ni kwamba diskini kunaweza kuwa na toleo la zamani la ukurasa, wakati toleo jipya limo katika SGA likisubiri kuandikwa. Anayesoma moja kwa moja kutoka diskini angepata data iliyopitwa na wakati, kwa hiyo kabla ya kuanza Oracle huandika kwanza kurasa zote zilizobadilishwa za jedwali hilo. Katika siku za mwisho wa mwaka wa fedha, kuelekea tarehe 30 Juni, malipo yanapoingizwa bila kukoma, uandishi huo wa awali unaweza kuwa mrefu. Ya pili ni kwamba kumbukumbu binafsi haiachi kitu nyuma. Ripoti ikiendeshwa mara ya pili dakika moja baadaye, diski husomwa upya yote. Afisa wa fedha anayebonyeza kitufe tena kwa matumaini kwamba safari hii itakuwa haraka anaiongezea seva mzigo uleule. Kinachomsaidia ni kupunguza kinachoombwa: idara moja, robo moja ya mwaka, akaunti chache. Kanuni hiyo inafaa KHIS pia, ambako ripoti ya kaunti ndogo moja kati ya 8 za Kitui au 6 za Makueni husoma sehemu ndogo ya ile ya kaunti nzima.

SQLite, iliyomo katika kila simu ya Android, huanza upande wa pili kabisa: kila muunganisho una akiba yake binafsi, kwa kawaida megabaiti 2 hivi. Kwa programu moja ndani ya simu moja, hakuna jirani wa kugawana naye.

Kumbukumbu binafsi na hesabu inayowaponza wengi

Hata pale kurasa zote zinapopita kwenye akiba ya pamoja, kazi inayofuata hufanyika faraghani. Kupanga majina kwa alfabeti, kuunganisha majedwali mawili, kuhesabu wagonjwa kwa kijiji: matokeo ya hatua hizi ni ya swali moja tu, kwa hiyo huwekwa katika kumbukumbu ya muunganisho uliouliza. PostgreSQL huiwekea mpaka kwa work_mem, ambayo kwa kawaida ni megabaiti 4. Majedwali ya muda nayo hupewa eneo lao binafsi la megabaiti 8. MySQL ina vigezo vidogo vidogo zaidi, kama sort_buffer_size ya kilobaiti 256. Kazi isipoenea katika nafasi yake, matokeo ya kati humwagwa diskini katika mafaili ya muda na kusomwa tena, na swali hupungua kasi ghafla.

Jibu linalokuja haraka ni kuongeza work_mem, na hapo ndipo seva nyingi huangushwa. Mpaka huo si wa seva nzima, wala si wa muunganisho mmoja. Ni wa kila hatua ya kupanga au kuunganisha ndani ya swali, na swali moja linaweza kuwa na hatua kadhaa. DHIS2 kwa mpangilio wake wa kawaida inaweza kufungua miunganisho 80. Kila mmoja ukiwa na hatua mbili, na work_mem ikiwa megabaiti 64, uwezekano wa juu kabisa ni megabaiti 10,240, yaani gigabaiti 10, nje ya shared_buffers. Hali hiyo inaweza kukaa miezi bila kutokea, kisha itokee siku ambayo kila afisa yumo ndani akikimbizana na tarehe ya mwisho ya ripoti. Linux ikiishiwa RAM huua mchakato inaouona mkubwa, na mara nyingi mkubwa ni hifadhidata yenyewe.

Njia salama ni kuacha kiwango cha seva kikiwa cha chini na kukiongeza kwa muunganisho wa ripoti peke yake. Amri ya SET work_mem ikitolewa mwanzoni mwa ripoti, ongezeko hudumu hadi muunganisho unapofungwa, na wengine hawaguswi. MySQL inaruhusu vivyo hivyo kwa sort_buffer_size.

Ipo pia kumbukumbu ya tatu ambayo si ya hifadhidata. OpenMRS ni programu ya Java, na kiunganishi cha kawaida cha MySQL kwa Java hupokea matokeo yote ya swali katika kumbukumbu ya programu kabla ya kukabidhi mstari wa kwanza. Ripoti inayorudisha mistari milioni moja inaweza kuiangusha Tomcat, programu inayoiendesha OpenMRS, huku MySQL yenyewe ikiwa timamu. Kuongeza akiba ya hifadhidata katika hali hiyo kunazidisha ugonjwa, maana kunaipunguzia Java nafasi.

Kusoma dalili

Hakuna kigezo kinachobadilishwa kabla ya kupima. Katika MySQL hesabu mbili hutosha kuanzia: Innodb_buffer_pool_read_requests, idadi ya kurasa zilizoombwa, na Innodb_buffer_pool_reads, zile ambazo zilibidi zifuatwe diskini. Zote mbili huhesabiwa tangu seva iwashwe, kwa hiyo thamani moja haina maana. Huchukuliwa mara mbili, dakika moja ikipita katikati, wakati wa foleni ya asubuhi, na kinachotazamwa ni tofauti.

Wengi hugawanya namba hizo na kufurahia asilimia 99. Asilimia hiyo inaweza kudanganya. Seva inayoombwa kurasa 10,000 kwa sekunde, na kukosa asilimia 1, inakwenda diskini mara 100 kwa sekunde, na huo ndio uwezo wote wa diski ya kuzunguka. Namba ya kuaminiwa ni idadi ya usomaji wa diskini kwa sekunde, ikilinganishwa na kile diski inachomudu.

Katika PostgreSQL, amri ya EXPLAIN ikiongezewa ANALYZE na BUFFERS huonyesha mgawanyo wenyewe wa pamoja na binafsi. Maneno shared hit ni kurasa zilizokutwa katika akiba ya pamoja, na shared read ni zile zilizoletwa kutoka nje yake. Neno local ni kurasa za majedwali ya muda, na temp ni kazi iliyomwagika kutoka work_mem hadi diskini. Swali lenye temp kubwa linahitaji kumbukumbu binafsi zaidi au swali lenyewe liandikwe vizuri. Lenye shared read kubwa linahitaji faharasa au akiba kubwa zaidi. Tahadhari moja: shared read haithibitishi kwamba diski iliguswa, kwa kuwa ukurasa unaweza kuwa umetoka katika akiba ya mfumo endeshi. Kigezo track_io_timing kikiwashwa, muda wa usomaji huonekana. Wastani ulio chini sana ya milisekunde 0.1 kwa ukurasa ni dalili ya RAM, na wa milisekunde kadhaa ni dalili ya diski inayozunguka.

Katika Oracle dalili zimo katika majina ya mambo ambayo mchakato unayasubiri. Kusubiri kuitwako db file sequential read ni usomaji wa ukurasa mmoja kuingia SGA, kwa kawaida kupitia faharasa. Db file scattered read ni usomaji wa kurasa nyingi kwa pamoja kuingia SGA. Direct path read ni usomaji unaokwenda moja kwa moja PGA.

Kuigawa RAM ya seva ndogo

Miongozo mingi husema akiba ya InnoDB ipewe asilimia 50 hadi 75 ya RAM. Inasemea seva inayoendesha hifadhidata peke yake. Kwenye kituo cha afya, kompyuta ileile hubeba MySQL, Tomcat na OpenMRS. Ikiwa ina gigabaiti 8, Java iliyotengewa gigabaiti 2 hutumia karibu 2.5 ikijumlishwa na mahitaji yake ya pembeni. Mfumo endeshi huachiwa 1. Miunganisho 30, yenye kumbukumbu zake binafsi na majedwali ya muda ya hadi megabaiti 16 kila mmoja, inaweza kufika 0.6. Hapo zimebaki gigabaiti 3.9. InnoDB hutumia takriban asilimia 10 zaidi ya kiwango ilichopewa kwa ajili ya kumbukumbu za usimamizi, kwa hiyo gigabaiti 3 huwa 3.3, na seva hubaki na pumzi. Aliyefuata asilimia 75 angeweka gigabaiti 6, na mfumo endeshi ungeanza kuhamishia sehemu ya akiba diskini. Hakuna hali mbaya kuliko hiyo: hifadhidata hudhani ukurasa umo kwenye RAM kumbe umerudishwa diskini kwa mlango wa nyuma.

Kiwango hicho kinabadilishwa seva ikiendelea kufanya kazi, kwa kuwa MySQL tangu toleo la 5.7 inaruhusu innodb_buffer_pool_size kupanuliwa bila kuzimwa. Hata hivyo huandikwa pia katika faili la mipangilio ili kisipotee seva ikiwashwa upya. shared_buffers ya PostgreSQL huhitaji kuzima na kuwasha. Kaunti inayohamishia mfumo wake katika kituo cha data, kama kile cha taifa kilichopo Konza, inapaswa kurudia vipimo vyote, kwa sababu diski ya seva pepe kwa kawaida iko upande wa pili wa mtandao na muda wake wa kujibu ni tofauti na wa diski iliyo mezani.

Baada ya umeme kukatika

Kumbukumbu zote mbili, ya pamoja na binafsi, hupotea umeme ukikatika. Umeme ulipozimika katika sehemu kubwa ya Kenya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, kila seva isiyokuwa na chanzo kingine iliamka na akiba tupu, na maombi ya kwanza yote yakaenda diskini. Data iliyothibitishwa haipotei, kwa kuwa mabadiliko huandikwa katika kumbukumbu ya matukio diskini kabla ya ukurasa wenyewe, na hifadhidata huyarudia inapowaka. Inachopoteza ni joto la akiba.

MySQL ina tiba, ila yenye tundu. Inapozimwa kwa utaratibu huandika namba za asilimia 25 ya kurasa zilizotumika karibuni, na ikiwashwa huzisoma tena yenyewe. Ikizimika ghafla haiandiki chochote, na hiyo ndiyo hali ya kawaida pasipo betri. Tundu hilo huzibwa kwa kupanga amri ya kuwasha innodb_buffer_pool_dump_now kila nusu saa. Faili linalotokana ni dogo kwa sababu lina anwani za kurasa tu, si kurasa zenyewe. PostgreSQL, kwa kiongezi cha pg_prewarm tangu toleo la 11, inaweza kuandika orodha kama hiyo yenyewe kila sekunde 300. Betri ya UPS hupimwa kwa dakika zinazohitajika kuizima hifadhidata kwa utaratibu, na amri ya kuizima huunganishwa na ishara ya betri kupungua badala ya kumsubiri mtu.

Seva ikishawaka, kazi za dirishani hutangulia. Ripoti na nakala za usalama hungoja hadi idadi ya usomaji wa diskini kwa sekunde irudi ilivyokuwa siku ya kawaida, namba ambayo msimamizi anayepima kila wiki anayo tayari daftarini.